Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mtoto wa shule, barabara ya lami na magari yenye haraka

Majibu haya ni kwa wazazi, kamati za shule na viongozi wa mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam: Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta, Chanika na kwingine kote ambako mtoto huenda shule kwa miguu na lazima akatize barabara yenye daladala, malori ya mchanga na bodaboda. Anayesoma akiwa Mwanza au Mombasa atakuta mengi yanamhusu, ila majina ya mamlaka na sheria yatabadilika.

Tatizo si watoto wenyewe? Wanacheza barabarani, hawaangalii magari.

Wanacheza, ndiyo. Ni watoto. Swali ni je, kosa la mtoto wa miaka saba liwe na adhabu ya kifo?

Mtoto wa darasa la pili anaweza kukuimbia "kulia, kushoto, kulia tena" bila kukosea hata neno. Kisha anatoka getini, anamwona rafiki yake ng'ambo ya barabara ameshika maandazi, na wimbo wote unayeyuka. Si utundu. Kabla ya miaka tisa au kumi, watoto wengi bado hawawezi kukadiria gari linakuja kwa kasi gani na liko umbali gani. Wanaona gari lipo au halipo, basi. Tena macho ya mtoto yako chini ya boneti ya gari lililoegeshwa, kwa hiyo yeye halioni gari linalokuja na dereva hamwoni yeye.

Elimu ya usalama barabarani iendelee, sipingi. Ila imegeuka kuwa jibu rahisi: polisi wanakuja shuleni, wanafunzi wanapanga mstari, picha zinapigwa, na barabara inabaki vilevile. Mwenye leseni ni dereva, na mwenye uwezo wa kuibadilisha barabara ni mhandisi. Mzigo mkubwa uwe kwao.

Kwani kilomita 50 kwa saa ni mwendo mkubwa? Si ndiyo sheria inavyosema?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu mwisho kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Ni mwisho, si mwendo unaotakiwa kila mahali. Penye kibao cha 30, mwisho ni 30.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hubadilisha mawazo. Dereva akiona mtoto ameingia barabarani, inapita kama sekunde nzima kabla mguu wake haujaanza kukanyaga breki. Hapo tunamzungumzia dereva aliye makini, asiyeshika simu. Akiwa kwenye 30, sekunde hiyo inamla mita 8, kisha breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji kama mita 5 hivi. Jumla mita 13, gari limesimama. Sasa mweke yuleyule kwenye 50. Sekunde ile moja tu inamla mita 14. Maana yake, pale ambapo gari la 30 limeshasimama kabisa, gari la 50 breki zake bado hazijaanza kufanya kazi. Linampiga mtoto likiwa na kasi yake yote. Mpaka lije lisimame, limetumia mita 28 hivi, na hapo ni bila mvua wala tairi zilizoisha.

Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo inaongezeka kwa asilimia 4 hivi. Shirika hilohilo linahesabu vifo takriban milioni 1.19 vya barabarani kila mwaka duniani, na ndicho kisababishi cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya mmoja kati ya watano wanaokufa hivyo alikuwa akitembea kwa miguu. Ndiyo maana mawaziri na wajumbe wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba pale magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu na baiskeli, mwisho uwe kilomita 30 kwa saa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "kilomita 20 ni nini bwana?", mwambie ni mita 15 za lami, na ndani ya hizo mita 15 yumo mtoto.

Kabla ya lami hatukuwa na ajali nyingi hivi. Lami ndiyo imetuletea balaa?

Malalamiko haya ni ya kweli, na wahandisi wanayajua. Barabara ya vumbi yenye mashimo inajidhibiti yenyewe, hakuna anayekimbia kwenye mashimo. Lami ikimwagwa kila mtu anashangilia, nyumba za wapangaji zinapanda kodi, na wiki ya pili bodaboda wanapita na 70 mbele ya shule.

Jibu si kukataa lami. Barabara nyingi za mitaa ya Temeke, Ilala na Kinondoni zilizojengwa chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, zilikuja na taa na mitaro ya kueleweka, na hilo ni jambo kubwa kwa mtoto anayetoka nyumbani gizani. Cha kudai ni kwamba matuta, vivuko na njia za miguu viwemo kwenye michoro tangu siku ya kwanza, visije vikaletwa baada ya maziko. Mradi ukitangazwa mtaani kwenu kuna mkutano wa wananchi. Nendeni. Ulizeni swali moja: "Mtoto wa shule anavukia wapi kwenye mchoro huu?" Akishindwa kukuonyesha kwa kidole, mchoro haujaisha.

Mtoto aanze kuvuka mwenyewe akiwa na umri gani?

Barabara ndogo ya mtaani yenye magari machache, miaka minane au tisa anaweza, ukiwa umemfuatilia mara kadhaa ukamwona anavyofanya wakati hajui kama unamtazama. Barabara kubwa, mpaka kumi au zaidi. Barabara ya njia nne, mimi simruhusu wa shule ya msingi peke yake bila mtu mzima au mvushaji. Najua wazazi wengi hawana uchaguzi: mama yuko sokoni tangu saa kumi alfajiri, na dada wa darasa la tano ndiye anayemvusha mdogo wake wa darasa la kwanza. Hao ndio hasa barabara inapaswa kujengwa kwa kipimo chao.

Zebra ipo mbele ya shule yetu, mbona magari hayasimami?

Kisheria dereva anatakiwa kumpisha mtu aliye kwenye kivuko, na asipofanya hivyo trafiki anaweza kumpiga faini. Lakini rangi haina breki. Zebra iliyochakaa, isiyo na kibao, iliyochorwa mahali ambapo magari yanakuja na 60, ni mapambo.

Kuna ubaya zaidi ya huo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kwenye barabara za njia nyingi zenye magari mengi, kuchora zebra peke yake bila kuongeza kitu kingine kuliambatana na ajali nyingi zaidi za watembea kwa miguu kuliko mahali pasipochorwa. Ukisimama dakika kumi kwenye barabara ya njia nne utaona sababu. Njia ya kwanza daladala limesimama kwa adabu, dereva anawapungia watoto mkono wapite. Watoto wanaamini, wanatoka mbio. Gari la njia ya pili haliwaoni kwa sababu daladala limewaziba, wala dereva wake hajui lile limesimama kwa nini. Anadhani linapakia abiria. Anapita. Aliyepunga mkono alikuwa na nia njema kabisa, na nia yake ndiyo iliyowatoa watoto.

Kwa hiyo msiombe zebra peke yake. Ombeni zebra iliyoinuliwa, yaani tuta pana la juu bapa lililochorwa zebra juu yake, ili gari lipunguze mwendo dereva apende asipende. Kwa barabara ya njia nne ongezeni kisiwa katikati, mtoto avuke nusu, asimame salama, aangalie upya, amalizie nusu nyingine. Mtoto anatembea kama mita moja kwa sekunde. Njia mbili za lami, mita 7, zinamla sekunde 7, na gari la 50 ndani ya muda huo linasogea karibu mita 100. Njia nne bila kisiwa zinamaanisha akadirie gari lililo mita 200 mbali. Hata mimi siwezi.

Tuta tunaweza kujenga wenyewe? Tumechoka kusubiri.

Hapana, ingawa hasira naielewa. Sote tumeona inavyokwenda: mtoto anagongwa asubuhi, kufikia saa nne wananchi wamefunga barabara kwa mawe na matairi, mkuu wa wilaya anakuja, anaahidi, na baada ya siku chache tuta linajengwa. Watu wamejifunza somo baya kutoka hapo, kwamba serikali inasikia moshi kuliko barua.

Lakini tuta la kienyeji, la kifusi au la zege lililomwagwa usiku, ni mtego. Halina rangi, halina kibao, na mara nyingi lina ncha kama ukuta. Bodaboda akilikuta usiku anaruka, na aliyebebwa nyuma ndiye anayetangulia chini. Gari la wagonjwa linalazimika kusimama kabisa. Tena kujenga kitu barabarani bila ruhusa ya mamlaka ni kosa, kwa hiyo likimwangusha mtu mtatafutwa ninyi.

Tuta la kitaalamu lina umbo lake. Lile la mviringo linalotumika sana duniani lina kimo cha sentimita 10 hivi na upana wa karibu mita 3.7 kwa uelekeo wa gari, kwa hiyo ukilipita na 30 unayumba kidogo, ukilipita na 60 unajuta. Likijengwa moja tu, madereva hupunguza hapo na kukanyaga mafuta mbele yake kufidia. Yanatakiwa mfululizo, mita 100 hivi au chini ya hapo kati ya moja na jingine, na la kwanza liwe kabla ya geti la shule, si baada yake. Nimeona shule ambayo tuta liko mita chache baada ya kivuko ukitazama kutoka upande magari yanakotokea, yaani gari linapunguza mwendo likishawapita watoto. Aliyelipanga bila shaka alisimama upande wa pili wa barabara.

Rasta hazitoshi?

Rasta, zile tutatuta ndogo zinazotetemesha gari, kazi yake ni kumwamsha dereva kwamba mbele kuna kitu. Hazimlazimishi kupunguza. Wenye magari makubwa huzipita kwa kasi ileile kwa sababu kadiri unavyokimbia ndivyo mtetemo unavyopungua. Zinafaa kabla ya tuta, si badala yake. Na ziwe mbali kidogo na nyumba za watu, maana kelele zake usiku zinakera hasa.

Barua tupeleke wapi, TANROADS au TARURA?

Inategemea barabara. Barabara kuu na barabara za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya, yaani za mijini na vijijini zinazoingia mitaani, ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kama hujui yenu ni ipi, muulize mtendaji wa kata au diwani, au angalia bango la mradi likiwa bado limesimama. Msikisie. Barua ikienda ofisi isiyo yake inaweza kukaa miezi kabla mtu hajasema "hii si yetu".

Pale barabara ya mtaa inapoungana na barabara kuu, na ajali nyingi ndipo zinapotokea, andikieni wote wawili na kila mmoja apewe nakala ya barua ya mwenzake. Nakala nyingine iende kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, DTO, kwa sababu yeye ndiye mwenye kumbukumbu za ajali zilizoripotiwa.

Barua iandikweje ili isiishie kwenye faili?

Acheni maneno ya jumla kama "barabara ni hatarishi sana kwa watoto wetu". Meneja amesoma barua kama hizo nyingi. Mpeni kitu anachoweza kukitumia kuombea fedha.

Siku moja ya shule, watu wawili wenye daftari wasimame getini kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Mmoja ahesabu wanafunzi wanaovuka kila robo saa, na wanavukia hasa wapi, kwa sababu mara nyingi si penye zebra. Wa pili ahesabu magari. Kisha pimeni mwendo kwa njia ya kimaskini: wekeni alama mbili zilizo mita 50, mmoja akiwa na saa ya simu. Gari likimaliza mita 50 kwa sekunde 6, linakwenda 30. Likimaliza kwa sekunde 3.6, linakwenda 50. Likitumia sekunde 3 au chini, limefika 60 na zaidi. Andikeni magari arobaini au hamsini mfululizo bila kuchagua. Pigeni picha wakati wa msongamano wa watoto, si saa nne barabara ikiwa tupu.

Choreni ramani ya mkono: geti, kituo cha daladala, duka, mtaro, njia ya mkato. Mwalimu mkuu asaini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri. Ombi liwe dogo na la wazi: "Tunaomba kivuko kilichoinuliwa mbele ya geti na matuta mawili, moja kila upande." Ukiomba taa za kuongozea magari, daraja, uzio na barabara ya pembeni kwa barua moja, utapewa jibu la "bajeti haitoshi", na litakuwa jibu la haki.

Muda nao unahesabika. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango hutengenezwa miezi mingi kabla. Barua ya mwezi wa tano inakuta chungu kimeshaepuliwa. Pelekeni robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda, mchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mfuatilie kila mwezi. Anayefuatilia awe mtu mmoja anayejulikana. Kamati nzima ikifuatilia, hakuna anayefuatilia.

Kuna ushahidi kwamba vitu hivi vinafanya kazi kwetu, au ni mambo ya Ulaya?

Upo, na umetoka hapahapa. Shirika la Amend lilianzisha Dar es Salaam mpango unaoitwa SARSAI wa kukagua maeneo ya shule zenye ajali nyingi na kuyarekebisha: njia za miguu, vivuko, matuta, vibao, vizuizi vya kuwatenga watoto na magari, na wakati mwingine kuhamisha geti la shule litazame barabara ndogo badala ya barabara kubwa. Kwanza walipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameumia barabarani, kwa sababu ajali nyingi za watoto hazifiki polisi. Shule zilizorekebishwa zililinganishwa na ambazo zilikuwa bado, na majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ukawa wa kwanza kushinda tuzo ya miji ya WRI Ross, ukiwashinda washindani kutoka miji mingine ya dunia.

Hilo la geti nalipenda kuliko yote. Kutoboa ukuta upande wa nyuma na kuweka geti jipya hakuhitaji kibali cha TANROADS wala wafadhili. Tembeeni kuzunguka uzio wa shule yenu kabla hamjaandika barua yoyote.

Si bora tujengewe daraja la juu?

Kwa barabara kama ya Morogoro, yenye mabasi ya mwendokasi katikati na magari pande zote, madaraja yana nafasi yake. Kwa barabara ya kawaida ya njia mbili au nne mimi siliombi. Daraja lazima lipishe malori, kwa hiyo sakafu yake iko mita 6 hivi juu. Ni ngazi karibu 40 kupanda na 40 kushuka, kwa mama aliyebeba ndoo ya samaki, kwa mzee, kwa mwenye kiti cha magurudumu ambaye hapandi kabisa. Watu watakata chini, na madereva wakishaona daraja huamini aliye chini ana makosa, wanaongeza mwendo. Usiku daraja lisilo na taa wasichana wanaliogopa kuliko magari. Fedha ya daraja moja inajenga vivuko vilivyoinuliwa vya shule nyingi.

Njia ya miguu ipo, ila imejaa meza za biashara, magari na bodaboda. Tufanyeje?

Kuwafukuza wamachinga kwa mgambo tumeshaona mwisho wake, wanarudi baada ya wiki. Pale mtaa unapokubaliana nao mstari, meza zibaki nyuma yake na mita moja na nusu ibaki ya kupita, mambo huwa nafuu zaidi. Mama ntilie wa getini mara nyingi ndiye anayewajua watoto wote kwa majina na ndiye anayewapigia kelele madereva. Mtu huyo unamhitaji.

Magari na bodaboda ni habari nyingine. Hao dawa yao ni nguzo fupi za zege kila baada ya mita moja na kitu, mtu apite, gari lisipite. Bodaboda mwembamba atapenya, kwa hiyo kaeni na viongozi wa kijiwe chao. Vijiwe vina uongozi, vina taratibu, na wengi wao ni wazazi wa shule hiyohiyo.

Na bodaboda wanaobeba wanafunzi mshikaki?

Watatu kwenye pikipiki moja, wa mbele kakaa kwenye tenki, hakuna hata mmoja mwenye kofia. Mzazi ndiye aliyelipia. Hapa sina maneno mazuri: usipopata usafiri mwingine, mlipie mtoto mmoja pikipiki moja, kofia ya saizi yake, na dereva unayemjua kwa jina na nyumba. Kofia ya mtu mzima inayozunguka kichwani kwa mtoto haimkingi kitu.

Daladala zinahusikaje? Watoto wetu wanatembea tu.

Wengi wanatembea kwa sababu daladala zinawakataa. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda anahesabu: "Wanafunzi wawili tu! Wengine subirini!" Angalia kituo chochote saa saba mchana. Daladala linaonekana upande wa pili, watoto ishirini wanajua wataingia wawili, na wote ishirini wanakimbia kukatiza barabara bila kutazama chochote isipokuwa mlango. Hiyo mbio haisababishwi na utundu, inasababishwa na bei. Mzazi anayetaka kulalamika kuhusu kukataliwa kwa wanafunzi aende LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, akiwa na namba ya gari, njia na saa.

Akishashuka, mfundishe asivukie mbele ya gari alilotoka. Asubiri liondoke. Ni sheria ya nyumbani moja tu, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko nyimbo zote.

Watoto wanatoka gizani. Tuwavalishe nini?

Mwezi wa sita na wa saba jua la Dar linachomoza karibu saa 12 na nusu, na wapo wanaotoka nyumbani saa 11. Shati jeupe linasaidia mpaka linapofunikwa na sweta la bluu. Utepe wa kung'aa, wa aina inayoshonwa kwenye nguo za mafundi wa barabara, ukishonwa mgongoni kwa begi na kwenye mikanda ya mbele, taa za gari zinauona mbali. Ni kazi ya fundi cherehani ya dakika chache. Shule inayoweza kusogeza kengele ya asubuhi mbele kwa nusu saa ingefanya zaidi ya utepe wowote, lakini hilo huzua mjadala mkali kuhusu matokeo ya mitihani kila linapotajwa.

Wanafunzi wakubwa wanaweza kuwavusha wadogo?

Barabara ndogo yenye tuta, ndiyo, wakiwa wamefundishwa na polisi, wamevaa vizibao, wana kibao cha kusimamisha, na mwalimu wa zamu amesimama pale pale. Barabara kubwa, hapana. Usimweke mtoto wa miaka 12 katikati ya barabara kuyazuia malori eti kwa sababu watu wazima wameshindwa kuyapunguza mwendo. Tafuteni mtu mzima wa mtaani, kamati imlipe posho, apewe utambulisho kupitia polisi.

Mvua zikinyesha inakuwaje?

Mtaro ulioziba unamwaga maji kwenye njia ya miguu, mtoto anahamia kwenye lami. Mtaro usio na mfuniko ni hatari yenyewe, maana maji yakijaa hauonekani mwisho wa barabara ni wapi. Katika barua yenu mtaro na mifuniko yake vitajwe kama sehemu ya usalama, si usafi tu.

Matuta yataleta foleni.

Foleni ya Dar inaletwa na makutano na wingi wa magari. Kipande cha mita 300 mbele ya shule ukikipita na 30 badala ya 50 unachelewa sekunde 14 hivi.

Mtoto ameshagongwa. Familia ifanye nini?

Hospitali kwanza. Polisi ni 112. PF3, fomu inayotolewa na polisi, inahitajika kwa matibabu ya majeruhi wa ajali, lakini kwa dharura matibabu yaanze, fomu ifuatiliwe. Mtu mmoja aliyetulia aandike au apige picha namba ya gari kabla halijaondolewa, na majina ya walioona.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui: kila gari barabarani linatakiwa kisheria liwe na bima ya watu wengine, na anayetembea kwa miguu ni mmoja wa hao watu wengine. Mtoto aliyeumia anaweza kudai fidia kwa kampuni ya bima ya gari lililomgonga. Uhalali wa bima unaweza kuangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mara nyingi mwenye gari hukimbilia "tuyamalize kifamilia", analipa bili ya siku ya kwanza na laki moja mkononi, familia inasaini karatasi. Mguu uliovunjika wa mtoto anayekua unaweza kuhitaji upasuaji mwingine baada ya mwaka. Msisaini chochote kabla daktari hajasema matibabu yamefikia wapi, na tunzeni kila risiti, hata ya bajaji ya kwenda kliniki.

Shule yetu ina basi. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu mahali basi linaposimama. Lishushe upande wa geti, mtoto asivuke kabisa, hata kama dereva atalazimika kwenda kugeuzia mbele. Na awepo mhudumu anayeshuka wa kwanza.

Tumeandika barua, mwaka umepita, hakuna jibu.

Rudini na takwimu mpya, ziwekeni kando ya zile za mwanzo, mpeleke kwa diwani azisome kwenye kikao cha baraza la halmashauri, ambako zitaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Mwombeni DTO aje mguu kwa mguu asubuhi ya Jumatatu, saa moja kamili, asimame getini nusu saa. Asije na king'ora, kwa sababu magari yatapunguza mwendo na hataona kitu.